Idhini ya Mama Barua

Mambo yaliharibika siku ya Jumanne, tarehe kumi na sita mwezi wa tisa, saa tatu na nusu kamili asubuhi. Aliyeyaharibu kwa mikono yake mwenyewe alikuwa ndani ya shimo, amepiga magoti kwenye tope, anazungusha gurudumu la valvu na kuhesabu mizunguko kwa sauti kama mtu anayesali.

Aliitwa Mzee Valvu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye karatasi za mishahara, lakini hata mhasibu alilazimika kulitafuta. Miaka ishirini na sita alikuwa akifungua na kufunga maji katika kituo kile, na ungemfunga kitambaa machoni bado angekuambia kwa mlio tu bomba lipi lina hewa na lipi lina kutu. Shule aliiachia darasa la nne. Kusoma alisoma, ila polepole, kidole kikitangulia na mdomo ukifuata, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Wakubwa wa kituo walimcheka kwa kidole hicho. Wao walisoma haraka, ndiyo maana hawakujua mengi.

Kifuani pake tochi ya simu ilikuwa inawaka. Simu haikuwa yake, ilikuwa ya marehemu mkewe. Tochi yake ilishinda kurunzi zote za ofisi, kwani kurunzi ya ofisi huombwa kwa fomu, na ikija huja bila betri. Mwezi wa tatu alimpelekea fundi cherehani wa mtaani kwao ovaroli zake, akamwomba amshonee mfuko wa kifuani wenye tundu mbele, ili jicho la tochi litokeze na mikono ibaki huru. Fundi cherehani alipima simu kwa utepe, akatoboa, akazungushia uzi mara tatu. "Huu mfuko," alisema, "utakuzika."

Mkewe alikuwa karani wa masjala pale pale kituoni. Barua zote zilipita mikononi mwake, zinazoingia na zinazotoka, hata wakubwa wakamwita Mama Barua. Alifariki mwezi wa kwanza. Kabla ya hapo, akiwa na homa iliyomkausha midomo, alikaa wiki mbili akiingiza anwani mia tatu na kumi na mbili kwenye mtambo mpya wa barua pepe, moja baada ya nyingine, kwa sababu Meneja alisema ruhusa ya ugonjwa itatoka kazi ikiisha. Kazi iliisha. Ruhusa ilitoka akiwa tayari amelazwa. Mzee Valvu aliikunja karatasi ile ya ruhusa akaiweka chini ya mguu wa kitanda kilichokuwa kinayumba, na mpaka leo iko hapo, angalau inasaidia kitu.

Simu ile ilikuwa na tabia moja ya kuudhi. Laini ilikuwa ya ofisi, kifurushi kililipwa na ofisi, na hakuna aliyekumbuka kuikata. Kila baada ya siku kadhaa ilitetemeka na kuandika kitu juu ya kioo. Asubuhi hiyo ilitetemeka saa mbili na nusu, mzee akivaa buti. Aliona nembo ya ofisi na maneno mawili, "Ujumbe unasubiri," akayafuta kwa kidole gumba kama anavyofuta nzi.

"Hata kaburini hawamwachi," alisema, akashuka shimoni.

Kidole kile, hapo tu, hakikusoma mpaka mwisho.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuosha bomba kuu. Mara mbili kwa mwaka klorini hutiwa nyingi kuliko kawaida, hupitishwa bombani, kisha husukumwa itoke. Mtu akinywa ataonja uchungu na kutema. Lakini kulikuwa na mahali pamoja ambapo hakuna kutema. Kliniki ya figo ilikuwa na viti saba na mashine saba, na kila mashine husafisha damu ya mtu kwa maji ya bomba. Chujio lao liliweza dawa ya kila siku, si ile ya kuoshea. Ikipita hiyo, inaingia kwenye damu na kuiharibu humo humo mwilini. Kwa hiyo siku ya kuosha, kliniki hupelekewa barua saa moja kabla, nao hufunga bomba na kufungulia tangi lao.

"Barua imekwenda?" Mzee Valvu alikuwa amemuuliza Meneja kabla ya kushuka.

"Imekwenda kwa watu mia tatu na kumi na wawili kwa mpigo mmoja. Siku hizi hatupigi simu kama wachuuzi wa samaki, mzee. Fungua."

Akafungua. Mizunguko mia mbili na arobaini. Maji yaliingia bombani kwa kishindo anachokijua, na kutoka pale hadi kliniki yalihitaji dakika themanini.

Alipanda juu, akanawa, na saa nne kasorobo simu yake mwenyewe, kile kidude cha vitufe, ikaita. Alikuwa bintiye.

"Baba, umeamkaje? Mimi nimeshakaa."

"Umekaa wapi?"

"Kwenye kiti changu, namba nne. Sista anaandaa sindano. Nimekupigia kabla sijafungwa mkono."

"Leo mko kwenye maji ya tangi, siyo?"

"Tangi la nini?"

"Mwanangu, hamjapata barua? Ya kuosha bomba?"

Alimsikia akiuliza, akasikia sauti ya mwanamke ikijibu kwa mbali. "Sista anasema hakuna barua yoyote. Watano wameshaunganishwa, Baba. Nimebaki mimi na mama mmoja."

"Toka kwenye kiti hicho."

"Baba." Sauti ilishuka. "Jumamosi mashine yangu iliharibika, sikusafishwa. Miguu imevimba kama magogo, viatu nimekuja nimevishika mkononi. Nikiinuka leo anaingia mwingine. Unajua foleni ilivyo."

Alijua. Miezi minne bintiye alisubiri kiti katika kliniki ile, akikauka mbele ya macho yake. Kiti namba nne kilikuwa cha Mwalimu, mke wa yule fundi cherehani. Mwalimu alifariki ghafla mwezi wa nne, madaktari wakasema ni moyo, na wiki tatu baadaye binti akaitwa. Mzee Valvu alikwenda kutoa mkono wa pole, akamkuta fundi cherehani amekaa mbele ya cherehani isiyo na kitambaa, anakanyaga tu. Ni vigumu kumpa pole mtu ambaye msiba wake ndio bahati yako.

"Nipe Sista," alisema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sista, mimi ndiye niliyefungua valvu. Robo saa ya dawa iko njiani. Funga bomba."

"Mzee wangu, nakusikia na moyo unanienda mbio. Lakini mwaka jana mtu alipiga simu hivi hivi, akasema ni wa maji, tukafunga kutwa nzima bure, wagonjwa wawili tukawapeleka mahututi. Tangu siku ile Daktari ametuandikia na kutusainisha: hatufungi ila kwa barua ya ile orodha yenu ya barua pepe. Tangi letu lina maji ya saa tatu tu, nikiyamaliza kwa uvumi, jioni nitawapa nini? Nileteeni barua. Ikiingia tu, nafunga. Wawili waliobaki nawachelewesha, lakini hao watano siwezi kuwachomoa kwa mdomo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Wewe ndiye mwenye maji, mzee. Niambie wewe."

Saa tano kasoro dakika kumi. Alihesabu tena, ikatoka ile ile. Kurudi kufunga valvu ni nusu saa ya kuzungusha, na yaliyokwisha kupita yamepita, hayaitwi yakageuka. Akakimbia. Mtu wa miaka hamsini na tisa mwenye buti za mpira hakimbii vizuri.

Meneja walimwita Bwana Taratibu, na yeye alidhani ni sifa. Alikuwa mezani, chai mbele yake, kalamu tatu zimepangwa kama wagonjwa wodini.

"Barua haijafika kliniki," Mzee Valvu alisema kutoka mlangoni.

"Hodi kwanza."

"Hodi. Barua haijafika kliniki, na binti yangu yuko kwenye kiti."

Bwana Taratibu alivuta pumzi ya mtu anayeonewa. Aligeuza kioo cha kompyuta. "Nimeituma mwenyewe saa mbili na nusu. Na mashine imenijibu. Ona: 'Barua yako imepokelewa.' Kliniki wanalala, ndiyo tatizo lao." Akaanza kugeuza kioo kurudi kwake.

Mzee alikishika. Kidole chake kikatua chini ya mstari wa kwanza, kikatembea, kikashuka mstari wa pili, ambao Meneja hakuwahi kuushukia.

"Barua… yako… imepokelewa." Kikasogea. "Inasubiri… idhini… ya… msimamizi." Akainua uso. "Inasubiri nini?"

"Hayo ni maneno ya mashine tu. Huwa yanaandikwa kila mara."

"Kila mara tangu lini?"

Bwana Taratibu alichukua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Fundi Seva yupo," alisema hatimaye. "Amekuja kubadilisha feni."

Chumba cha mitambo kilikuwa zamani stoo ya viungo vya mabomba, na bado kilinuka grisi. Ndani yake zilikuwepo seva mbili juu ya rafu ya chuma, nyeusi, ndefu kama majeneza ya watoto. Moja ilikuwa inanguruma. Ya pili ilikuwa imeshushwa mezani, kifuniko wazi, matumbo nje, na juu yake ameinama mwanamke wa makamo, miwani kichwani, bisibisi mdomoni. Kila mtu alimwita Fundi Seva. Ndiye aliyefunga mtambo ule mwaka uliopita, na sasa huitwa tu kitu kikilia.

"Barua ya saa mbili na nusu iko wapi?" mzee aliuliza.

Alitoa bisibisi mdomoni, akaivuta kompyuta ya mkononi, akaandika, akatazama. "Imesimama. Haijatoka hapa."

"Itoe."

"Sikiliza, mzee wangu. Hii inayonguruma ni tarishi. Inapokea barua moja na kuibeba kwa watu wote wa orodha. Lakini haibebi mpaka msimamizi wa orodha aseme ipite. Na hii hapa," aliigusa ile iliyo wazi, "ndiyo dirisha. Ina ukurasa ambapo msimamizi anaingia na kusema ipite. Nimeizima ili nibadilishe feni."

"Wewe si ndiye mwenye mtambo?"

"Mimi nina ufunguo wa sanduku, sina wa ndani. Siku ya kukabidhi, nenosiri kuu lilitiwa kwenye bahasha, bahasha ikapelekwa makao makuu. Ndiyo taratibu." Hakumtazama Meneja aliyekuwa amesimama mlangoni, lakini neno lilimfikia.

"Basi waandikie kliniki wewe. Barua yako."

Alikuwa ameshaanza. Aliandika mistari mitatu, akatuma. Wakasubiri. Jibu lilirudi, akalisoma kwa sauti kavu: "Mtumaji hafahamiki. Jaribu tena baadaye." Alipiga meza. "Seva yao haipokei wageni haraka, inawaweka barazani kwanza. Orodha yetu wanaijua, mimi hawanijui."

Saa nne na dakika kumi na tano.

"Huyo msimamizi ni nani?" mzee aliuliza. "Nimfuate. Hata kama yuko chooni."

Fundi Seva alivua miwani kichwani, akaishika mkononi. "Mzee, kaa kwanza."

"Sikai. Maji hayajakaa."

"Ni anwani ya masjala."

Feni ya tarishi iliendelea kunguruma.

"Alipokuwa hai," Fundi Seva alisema taratibu, "alikuwa anazipitisha ndani ya dakika moja, hata akiwa amelazwa. Alipofariki nikaleta fomu ya makabidhiano, msimamizi abadilishwe. Nimeileta mara tatu."

"Haikuwa imekamilika," Bwana Taratibu alisema mlangoni. "Haikuwa na sahihi ya anayekabidhi."

"Anayekabidhi amekufa, bosi."

"Ndiyo. Kwa hiyo haikukamilika."

Kuna maneno ambayo mtu akiyasikia anatafuta kitu cha kurusha. Mzee Valvu alitazama rafu, akaona vyuma, akaona shingo ya Meneja ndani ya kola yake iliyopigwa pasi. Miezi minane alikuwa akiwalaumu hawa watu kwa mambo aliyoyajua nusu nusu. Sasa limekuja zima zima, na hakukuwa na wakati wa kulifaidi.

"Hizo barua," alisema, "huyo msimamizi huzipata wapi? Kwenye kompyuta ya masjala?"

"Kompyuta ilichukuliwa na makao makuu. Zilikuwa zinakwenda pia kwenye simu yake. Ila simu sijui…"

Hakumalizia. Mzee alikuwa amefungua mfuko wa kifuani. Aliitoa simu ile, tochi ikiwa bado inawaka, tope kwenye pembe, akaiweka juu ya meza kati ya skrubu. Mwanga ulipiga dari. Juu ya kioo, nembo ya ofisi, na maneno ambayo alikuwa ameyafuta kwa gumba tangu kaburi halijakauka.

"Mungu wangu," Fundi Seva alisema. "Ilikuwa nawe?"

"Naitumia kama taa."

Fundi alifungua simu, mzee akimtajia namba nne za siri, mwaka aliozaliwa binti yao. Akagusa kiungo. Kioo kikageuka cheupe, kikazunguka, kikaandika kwamba ukurasa haupatikani.

"Dirisha," alisema, na tayari alikuwa amegeukia mashine iliyo wazi. "Nishikie hapa. Hapana, hapa. Usiguse waya."

Mzee alishika. Mikono iliyozoea chuma kizito ilishika kifeni cha plastiki kama yai. Fundi Seva alikaza skrubu mbili kati ya nne, akaacha kifuniko wazi, akachomeka umeme. Mashine ikapiga mlio mmoja, ikanyamaza.

"Imekufa?"

"Inaamka. Dakika nne."

Dakika nne za mtambo ni ndefu kuliko za binadamu. Taa ndogo ilimemeta, ikazimika, ikamemeta. Bwana Taratibu alisema labda ingefaa kuandika maelezo mafupi ya tukio. Mashine ikasimama mahali, ikadai kukagua diski zake kwa kuwa ilizimwa vibaya, na dakika nne zikawa kumi na moja. Kidude cha vitufe kikaita tena.

"Baba." Binti alikuwa ananong'ona. "Yule mama mwingine amelia mpaka Sista amemuunganisha. Sasa wako sita. Mimi namwambia nangoja simu yako. Nitangoja mpaka lini?"

"Ngoja."

"Sista anasema kama leo sitaki…"

"Mwambie natumia simu ya mama yako."

"Ya mama?"

"Ngoja tu, mwanangu. Usinyooshe mkono."

Saa nne na dakika thelathini na nane ukurasa ulifunguka. Fundi Seva alijiandaa kwa kisanduku cha nenosiri, ambalo hakuna aliyelijua. Hakikuja. Badala yake pakaandikwa, *Karibu tena,* na jina la marehemu.

"Hakutoka," alisema polepole. "Alipoingia mara ya mwisho hakutoka. Mashine inajua bado yumo ndani."

Mzee alinyoosha mkono. "Nipe."

"Mzee, acha mimi…"

"Ni simu ya mke wangu. Nipe."

Akampa. Kioo kilijaa mistari, mmoja juu ya mwingine. Barua kumi na tisa. Zote zina kisanduku pembeni, na visanduku vyote vilikuwa na alama tayari.

"Ondoa alama zote," Fundi Seva alisema, kichwa chake karibu na cha mzee, akinuka vumbi la mashine. "Bakiza ya juu kabisa tu, ndiyo ya leo. Halafu uguse 'Pitisha.' Taratibu."

Kidole kilianza kama kawaida yake, mstari kwa mstari. Ya kwanza, ikaondoka? Haikuondoka, gumba lilikuwa na jasho. Akapangusa kwenye ovaroli. Akagusa tena, ukurasa ukateleza hadi chini, na chini kulikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Saa ya juu ya kioo ikabadilika: saa nne na dakika arobaini na moja. Alimwona bintiye amebeba viatu mkononi.

Akakibonyeza.

"Mzee! Hizo zote…"

Tarishi aliyekuwa ananguruma alibadilisha sauti, akapanda juu kama gari linaloshika mlima. Barua kumi na tisa mara watu mia tatu na kumi na wawili. Taa zake zilipepesa bila kupumua.

"Zimekwenda zote," Fundi Seva alisema. "Za miezi minane."

"Na ya leo?"

"Imo humo humo. Ila sijui itatangulia au itakuwa ya mwisho."

Mzee alipiga kidude cha vitufe. Binti alipokea kabla hakijaita.

"Baba, simu ya Sista imeanza kulia haikomi! Barua zinaingia moja juu ya nyingine. Anasema ya kwanza ni ya mwezi wa pili, kukatika kwa maji. Nyingine mwezi wa sita. Anasema nyie mmerukwa na akili, hizi ni za zamani…"

"Mwambie asiache! Mwambie atafute tarehe kumi na sita, mwezi wa tisa! Kuosha bomba kuu! Mwanangu, piga kelele!"

Alipiga kelele. Kule chumbani walimsikia wote watatu kupitia kidude kile, sauti ya mtoto wa mpiga hesabu za mizunguko: "Kumi na sita! Sista, kumi na sita mwezi wa tisa!" Kisha vishindo vya viatu, kisha sauti ya mwanamke akihesabu barua, mbili, tano, tisa. Mzee Valvu akashika ukingo wa rafu.

Kisha mashine zikaanza kulia, moja, mbili, mpaka sita, ule mlio wa kulalamika unaotoka zinapokatwa maji.

"Anafunga," binti alisema. "Baba, anafunga zote. Anafungulia tangi."

Dakika saba baadaye, saa tano kasoro dakika kumi, bomba la kunawia mikono pale kliniki lilianza kunuka dawa. Sista alipiga mwenyewe kueleza. Alikuwa analia na kucheka. "Mzee wangu," alisema, "harufu imeniingia mpaka machoni."

Fundi Seva alikaa sakafuni. Bwana Taratibu alisema vizuri, mfumo umefanya kazi.

Hadithi ingekomea hapo, wakubwa wangefurahi. Alhamisi asubuhi Mzee Valvu aliitwa ofisini. Alimkuta Meneja na Fundi Seva, na mezani karatasi mbili. Moja ilikuwa taarifa ya tukio. Penye *Aliyeidhinisha* mashine ilikuwa imechapa jina la Mama Barua, Jumanne, saa nne na dakika arobaini na moja, miezi minane baada ya kuzikwa.

"Hii inaleta maswali," Bwana Taratibu alisema. Akasogeza karatasi ya pili. Ilikuwa fomu ya makabidhiano. "Tumeona ni busara uweke sahihi hapa kwa niaba ya marehemu, na tarehe iwe ya mwezi wa kwanza. Ili kila kitu kikae sawa."

"Mnataka kufunika kombe."

"Tunataka kukamilisha fomu."

"Mlimtoa roho akiandika anwani," mzee alisema, na miezi minane ikaanza kumtoka kwa utaratibu mzuri, kwani usiku mwingi alikuwa ameipanga. "Mkaacha watu wakatiwe maji bila taarifa, wakatukana, mkadhani ndivyo watu walivyo. Mkaona mstari wa kwanza, wa pili ukawashinda. Mimi wa darasa la nne…"

Hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa fundi cherehani, utepe bado shingoni. Alisalimia wote, hakukaa. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kipande cha kitambaa cha bitana. Alikifungua: simu, kioo kimepasuka pembeni.

"Ya mke wangu," alisema. "Sikuizima. Watoto wa shule humwandikia bado, napenda kusoma. Juzi zikaingia barua zenu kumi na tisa. Anwani yake mlikuwa nayo. Jana ndipo nikapata nguvu ya kuzisoma zote."

Aliweka simu mezani, juu ya fomu. Mzee Valvu akaona kidole chake mwenyewe kinatangulia, hakukituma. *Tarehe mbili, mwezi wa nne. Kuoshwa kwa bomba kuu. Kliniki zote zifunge maji kuanzia saa nne.*

Tarehe mbili mwezi wa nne valvu aliifungua yeye. Mizunguko mia mbili na arobaini.

"Siku hiyo alikuwa kwenye kiti," fundi cherehani alisema. "Aliniambia damu inamchoma. Siku ya tatu nikamzika. Wenzake waliumwa wakapona, kwa hiyo wakasema moyo."

Bwana Taratibu alitazama dirishani. Fundi Seva alifunga kompyuta yake bila sauti. Mzee Valvu, mtu ambaye hakuwahi kukosa wa kumlaumu, alitazama mikono yake mwenyewe. Kiti namba nne. Viatu mkononi. Miguu ambayo sasa imepungua.

Fundi cherehani alimsogelea. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lilikuwa baya. Alinyoosha mkono, akashika mfuko wa kifuani wa ovaroli, pale penye tundu la tochi, akaupima uzi kwa vidole viwili kama apimavyo nguo iliyorudishwa na mteja.

"Hii nimeshona mimi, mwezi wa tatu," alisema. "Bintiyo amenisimulia ya Jumanne. Barua ya mke wangu imekaa humu. Ulipoiona inawaka, ndugu yangu, ulifanya nini?"